Ngao Zilizochimba Theluji

Zama zile kabla bunduki hazijawa nyingi katika miteremko ya Kilimanjaro, kila bonde lilikuwa na mtawala wake, aitwaye mangi, na kila mangi alikuwa na askari wake, mifereji yake na ugomvi wake. Pembe za ndovu ziliteremka kwenda pwani, ushanga na nyaya za shaba zikapanda kutoka pwani, na mangi aliyeshika njia ndiye aliyeshika mali. Ndipo akatokea Ngowira, mangi wa Kilasara, mtu mwenye macho makali na tumbo lisiloshiba nchi, akaapa kwamba jua halitatua juu ya mangi mwingine ila yeye.

Nchi nyingi zilimwinamia. Mworeni haikuinama.

Mworeni ilikuwa nchi ndogo iliyokaa kati ya mito miwili, yenye migomba minene na watu wakaidi. Mangi wake, mzee Kishenge, alipoletewa ujumbe wa Ngowira wa kutaka kodi, aliwapa wajumbe mbege, pombe ya ndizi, wakanywa, akawapa na mbuzi wa njiani, kisha akawaambia, "Mwambieni bwana wenu kwamba sisi hatujazoea kuinama ila tunapopalilia."

Basi Ngowira akaja na jeshi. Hakuvunja boma, alifanya jambo baya zaidi. Jemadari wake Moruo, shujaa mrefu mwenye kilemba cha manyoya ya mbuni, alipanda msituni na askari wake hadi kwenye chanzo cha mfongo, yaani ule mfereji mkuu ulioiletea Mworeni maji kutoka mlimani, akaukata. Maji yakamwagwa korongoni. Njia za chini zikafungwa kwa mikuki, na zile za msituni zikawekewa walinzi. Watu wa Mworeni wakaingia na ng'ombe wao katika mapango waliyoyachimba mababu zao chini ya ardhi, wakakaa humo wakigawana maji kwa vibuyu vidogo. Migomba ikaanza kujikunja majani. Mito nayo ilikuwa mipakani, mbele ya macho ya adui, na kila aliyekwenda kuteka hakurudi.

Ajabu yenyewe ni kwamba ilikuwa masika. Mvua ilikuwa ikinyesha juu, lakini mwaka huo haikuteremka kama mvua. Baridi isiyokumbukwa na mzee yeyote ilikuwa imeushika mlima, na kila wingu lililofika kilele cha Kibo liligeuka theluji. Weupe ambao kwa kawaida ulikaa kileleni kama kofia ulishuka hadi mabegani mwa mlima, ukafunika mawe na nyasi za juu.

Siku moja Mangi Kishenge aliwaita wakuu wa koo katika pango kubwa. Wakaketi juu ya magogo, ngao za ngozi ya nyati zikiegemezwa ukutani.

"Kule mawio ya jua iko nchi ya Keleri," Mangi alinena. "Mangi wa Keleri amemwoa dada yangu Mbonia. Ana askari wengi kama siafu. Akisikia haya atakuja. Shida ni moja: nani atamfikia?"

 Kisha akasimama Tarimari mwana wa Mlasau, amiri wa askari wa Mworeni. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mabega mapana na sauti ya chini, na kabla ya kuwa askari alikuwa mwindaji. Yeye na baba yake waliwahi kuwinda pofu, wale wanyama wakubwa kama fahali, huko juu kusiko na miti.

"Njia ya chini imefungwa, na ya msituni imefungwa," Tarimari alisema. "Imebaki ya juu. Tutapita chini ya barafu ya Kibo, tuuzunguke mlima, tushukie Keleri."

Mzee mmoja aitwaye Lekio akacheka bila furaha. "Masika? Katika theluji hii? Wewe mwenyewe, baba yako alilala wapi?"

"Alilala chini ya theluji, mzee wangu, nami nilikuwapo. Kwa sababu hiyo naijua. Wengi wanafikiri baridi ndiyo iuayo kule juu. Baridi huua, ndiyo, lakini huua polepole na mtu aweza kubishana nayo. Kiuacho upesi ni theluji inapoachana na mlima. Hushuka yote kwa pamoja, kama ngozi inayochunwa mgongoni mwa ng'ombe. Baba yangu alipita mahali pasipofaa, saa isiyofaa. Mimi sitapita hapo."

 "Iko shida nyingine," Mangi akasema. "Miaka iliyopita watu waongo walikwenda Keleri wakijifanya wajumbe wangu. Mangi wa Keleri akatoa askari, wakavamiwa njiani, akazika vijana wengi. Aliapa kwamba hatatoa tena jeshi kwa neno langu ila liletwe na mtu wa damu yangu, ambaye dada yangu atamtambua."

"Basi ni mimi," ikasema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Nashesa, binti mkubwa wa Mangi, mwanamke mrefu aliyefiwa na mume katika siku za mwanzo za vita vile. Alikuwa amekaa na wanawake, kibuyu kitupu mapajani.

"Binti yangu, huko si mahali pa mwanamke," akasema Lekio.

"Wala si mahali pa mwanamume, mzee. Wewe mwenyewe umesema hivi punde. Shangazi Mbonia alinilea kabla hajaolewa. Kama kuna uso atakaoutambua, ni huu."

 Mangi alivua vazi lake la ngozi za pimbi, lile lenye manyoya mazito ambalo mangi pekee huvaa, akamvika bintiye mabegani. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Tarimari alichagua askari wachache tu. Wa kwanza alikuwa Kowiri, jitu lenye nguvu za kubeba ndama begani na ulimi usiojua kupumzika. Walijipaka mafuta ya kondoo mwili mzima. Walifunga miguu kwa magome makavu ya mgomba, juu yake wakavaa viatu vya ngozi mbichi. Walibeba makaa ndani ya vyungu vidogo vilivyojazwa majivu, ndizi zilizokaushwa, nyama, na kamba ndefu za ngozi. Tarimari akamwamuru kila mmoja abebe ngao yake.

"Ngao ya nini?" Kowiri aliuliza. "Theluji inarusha mikuki?"

"Wewe beba," akasema Tarimari.

Walipita kwa kunyata katikati ya walinzi wakati ukungu ulipokuwa mzito, wakapenya msitu wa miti yenye ndevu za kuvu, wakatokea penye vichaka vya juu. Hapo wakaikanyaga theluji kwa mara ya kwanza. Kowiri alichota kidogo akaiweka mdomoni, akakunja uso.

"Haina ladha!" alisema. "Kitu kizuri namna hii, na hakina ladha!"

Wakacheka, hata Nashesa. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho kwa kitambo, maana kadiri walivyopanda pumzi ilizidi kuwa fupi, vichwa vikawagonga kama vinu, na mwanga wa jua juu ya weupe ule ukawachoma macho hadi yakatoa machozi. Tarimari akawapaka masizi mashavuni na kuzunguka macho, akawafunga vipande vya ngozi vyenye tundu jembamba la kuchungulia. "Asiyefunga hiki atakuwa kipofu kabla ya jioni," aliwaambia, nao wakatii. Walilala katika mapango ya mwamba, wakibanana kama watoto wa mbwa kuzunguka makaa yao.

Lakini nyayo katika theluji hazifichiki. Askari wa Moruo waliokuwa wakilinda mfereji waliona alama zinazopanda, wakampelekea jemadari habari. Moruo hakuwa mtu wa kupuuza jambo. Mara moja alielewa ziendako nyayo zile. Akachagua kikosi cha vijana wenye nguvu, akawafuata.

Wa kwanza kuwaona alikuwa Nashesa. Alikuwa ameketi juu ya mwamba akishusha pumzi, akatazama chini. "Mwana wa Mlasau," akaita taratibu, "mlima umeota mchwa."

Tarimari akatazama. Mbali chini, mstari wa watu weusi ulikuwa ukipanda, na mbele ya mstari ule palipepea manyoya ya mbuni.

"Moruo," alisema. "Twende."

Wakafika mahali ambapo ubavu wa Kibo unajitokeza kama shavu la mtu aliyejaza chakula mdomoni. Ulikuwa mteremko mkubwa, laini, mweupe kabisa, usio na jiwe lililochomoza. Juu yake barafu ya kale ilining'inia kwa rangi ya samawati. Chini yake palikuwa na bonde lenye mawe. Ng'ambo kulikuwa na ukingo wa mwamba, na nyuma ya ukingo huo njia iliteremka kuelekea Keleri. Mtu angeweza kuuvuka mteremko ule kwa muda mfupi tu, nao ulionekana kama unamwalika.

"Mungu si mchoyo!" alisema Kowiri. "Njia iliyofagiliwa!" Akainua mguu.

Tarimari akamdaka mkono. "Simama hapo ulipo."

Akapiga magoti ukingoni, akachimba kwa sime shimo lenye kina cha kiuno chake, kisha akamwita Nashesa na Kowiri watazame ukuta wa shimo. Juu palikuwa na tabaka nene, zito, lililoshindiliwa na upepo hadi likashikamana kama ugali uliopoa. Chini ya tabaka hilo palikuwa na theluji ya namna nyingine, punje punje, kavu, zisizoshikana. Tarimari alizigusa, zikamwagika kama ulezi unaovuja guniani.

"Mnaona? Huu ugali wote umelalia ulezi. Haujashika chochote. Unangoja mtu wa kuuamsha."

Kama kwamba mlima ulisikia, askari mmoja alikanyaga nyuma yao, na kutoka ndani ya theluji ikatoka sauti nzito ya chini, *vuuum*, mfano wa pumzi ya mnyama mkubwa anayegeuka usingizini. Ufa mwembamba ukakimbia mbele ya miguu yao. Kowiri akarudi nyuma kimya. Ulimi wake, kwa mara ya kwanza, ulikuwa umepumzika.

"Turudi?" Nashesa aliuliza.

"Nyuma yuko Moruo. Tutapanda juu kwa mgongo huu wa mawe, mpaka pale mteremko ulipo mwembamba, chini kabisa ya barafu. Tulale pale. Tutavuka alfajiri, jua likiwa bado halijaigusa theluji, wakati baridi imeikaza. Tutavuka mmoja mmoja, kamba kiunoni, bila kelele. Akianguka mmoja, wengine wawe imara kumvuta."

"Na Moruo?"

"Moruo amechoka kama sisi. Hatafika leo."

Usiku ule waliung'ang'ania mwamba, na baridi ikamla Tarimari vidole vya miguu, maana alikuwa amempa Nashesa magome yake makavu baada ya yale ya binti kulowa. Hakumwambia mtu.

Kulipopambazuka akavuka yeye wa kwanza, akijaribu kila hatua kwa kitako cha mkuki. Theluji ililia chini yake kama ngozi kavu inayokunjwa, lakini ilishika. Akafika mwambani, akafunga kamba, akainua mkono. Akaja Nashesa. Hakutazama chini, alimtazama Tarimari usoni tangu mwanzo hadi mwisho, na alipofika aliketi akaukumbatia mwamba. Wakaja askari. Wa mwisho alikuwa Kowiri, mzito kuliko wote. Alipofika katikati, kipande cha theluji kikameguka chini ya miguu yake kikaenda, naye akaenda nacho. Kamba ikakaza. Wote wakaivuta huku nyayo zao zikikwaruza mwamba, hadi jitu lile likatokea limejaa theluji puani na masikioni.

"Nani aliyesema haina ladha?" Kowiri akatema. "Sasa nimeionja."

Jua lilikuwa limepanda vizuri, nao wakiwa wanakaza mizigo ili washuke, Moruo alipotokea ng'ambo. Hakupanda kwa mgongo wa mawe. Alisimama palepale ambapo Kowiri alitaka kupita, chini, penye upana, penye wepesi. Askari wake wakajipanga nyuma yake, bega kwa bega, kwa namna ya vita.

Tarimari akasimama juu ya ukingo, akaweka mikono mdomoni. "Moruo! Usivuke! Theluji imeachana na mlima! Rudi, upande kwa mawe!"

Sauti ikazunguka katika miamba ikarudi. Moruo akacheka, na kicheko chake nacho kikafika.

"Mwana wa Mlasau! Tangu lini swala akamfundisha chui njia?"

"Naapa kwa kaburi la baba yangu! Liko katika theluji kama hiyo!"

"Nawe utazikwa karibu naye!" Moruo akajibu, akanyoosha mkuki mbele. Askari wake wakaingia mteremkoni wote kwa pamoja, wakiimba wimbo wa vita na kukanyaga kwa mapigo.

Walikuwa wamefika katikati mlima ulipojitikisa. Juu yao, kutoka mwamba hata mwamba, theluji ilipasuka kwa mstari mmoja mrefu, na sauti yake ilikuwa kama gogo kavu linalovunjwa gotini. Kwa kitambo cha kupepesa jicho mteremko ulibaki mahali pake. Kisha ukaondoka wote. Vipande vikubwa kama nyumba viliteleza, vikagongana, vikavunjika vikawa moshi mweupe, na moshi ule ukawameza watu na wimbo wao. Mngurumo ukashuka hadi bondeni, ukatulia. Vumbi la theluji likaendelea kudondoka polepole, likimetameta juani, kana kwamba hakuna lililotokea.

 Kisha Kowiri akapumua. "Mlima umetupigania," akasema. "Umefanya kazi ya jeshi zima. Sasa twende zetu."

Tarimari alikuwa tayari ameanza kushuka bondeni.

"Unakwenda wapi?" Nashesa alimwita. Akamfuata, akamshika vazi. "Mwana wa Mlasau, watu wetu wanakufa kwa kiu. Wale waliokwenda chini ndio waliokata maji. Mume wangu aliuawa na watu wa Kilasara. Kila pumzi tunayopoteza hapa ni ya mtoto wa Mworeni."

"Najua, binti Mangi."

"Basi?"

"Siku baba alipozikwa tulikuwa wawindaji wengi. Wote walikimbia, wakasema amekwisha kufa. Nilichimba peke yangu kwa mikono hii. Nilipomfikia alikuwa bado ana joto. Alikuwa ametoboa kishimo kidogo mbele ya uso wake, akingoja. Kama wale wengine wangekaa, ningemfikia mapema. Mtu aliyezikwa na theluji ni kama moto uliofunikwa kwa chungu. Hauzimiki papo hapo. Siwezi kuwaacha, hata kama ni Kilasara. Wewe endelea mbele na askari. Nitawafuata."

Nashesa aliutazama ule weupe uliotulia. Machozi yakachora njia katika masizi ya mashavu yake. Kisha akaichukua ngao mkononi mwa askari aliyekuwa karibu naye.

"Kama ni kuchimba, tuchimbe sasa," akasema. "Tusisimame hapa tukijadiliana kama wazee wa baraza."

Wakashuka mbio. Mteremko ulikuwa umekwisha kutema kilichokuwa tumboni mwake, haukuwa tena na cha kuangusha. Sasa Kowiri alielewa sababu ya ngao: zile ngozi nene za nyati zilichota theluji kama sepetu. Waligeuza mikuki wakadunga kwa vitako, polepole, wakisikiliza kwa viganja tofauti ya mwamba na mwili. Pale pembe ya upinde ilipochomoza walichimba. Pale kiatu kilipoonekana walichimba. Askari wa Kilasara waliotupwa pembeni na kunusurika walikuja wakipepesuka, wakawaona maadui zao wamepiga magoti wakifukua ndugu zao. Wakasimama wameduwaa.

"Mnangoja nini?" Kowiri aliwangurumia. "Mialiko? Chimbeni!"

Wakachimba pamoja. Waliwatoa watu wakiwa wa buluu midomoni, wakawasugua vifua, wakawafunika kwa ngozi zao wenyewe. Wengine walikohoa wakarudi duniani. Wengine hawakurudi, nao wakalazwa kwa mstari, nyuso zikielekea kilele.

Nashesa ndiye aliyeuona unyoya wa mbuni, ncha tu, ukitikisika katika upepo. Alichimba kwa ngao hadi akafika kwenye kilemba, akatupa ngao akachimba kwa mikono. Moruo alikuwa amekunja mkono mbele ya uso wake. Alifumbua macho akamwona mwanamke mweusi kwa masizi, amevaa vazi la mangi.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Mimi ni mjane, nawe ndiwe uliyenifanya mjane," akasema Nashesa. "Inuka."

Walipomketisha karibu na makaa, Moruo alimgeukia Tarimari. "Uliniita," alisema.

"Nilikuita."

"Nilidhani ni hila. Vijana hawa waliniamini, nami nimewaleta kufa." Akageuza uso. "Kwa nini hukuniacha?"

"Ungekuwa vitani ningekuua, wala nisingejuta. Hapa hapakuwa na vita. Palikuwa na theluji na watu."

Moruo akavua pete ya shaba aliyovishwa na mangi wake, akaitazama, akaivaa tena. "Sina amani ya kukupa. Vita ni vya mangi wangu. Lakini nitamwambia nilichokiona, na nitamwomba afungue maji. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

"Inatosha," Tarimari alisema. "Milima haikutani, binadamu hukutana."

Waliposhuka upande wa Keleri, Tarimari hakuweza tena kutembea. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekuwa vyeusi. Kowiri alimbeba mgongoni kama alivyobeba ndama, akilalamika njia nzima kuhusu uzito wa mashujaa, na hakumtua hadi walipofika boma la mangi wa Keleri.

Walinzi walitaka kuwafukuza wakidhani ni wendawazimu. Lakini Nashesa alisimama langoni akaita kwa sauti kubwa, na kutoka ndani akatoka Mbonia, mke wa mangi, mwanamke mnene mwenye bangili za shaba hadi viwikoni. Alimtazama mgeni, akashika masizi ya shavu lake, akayafuta kwa kidole gumba.

"Umekonda," akasema. "Mwanangu, umekonda namna hii!"

Mangi wa Keleri alitoka nyuma ya mkewe. "Mmepita wapi?" aliuliza. "Njia zote zina watu wa Ngowira."

"Tumepita kwa Kibo," Nashesa alijibu.

"Hakuna apitaye kwa Kibo masika."

Nashesa hakubishana. Alimvua Tarimari viatu, mangi akaviona vile vidole vyeusi. Akainama, akatazama vizuri, akasimama wima. "Pigeni pembe ya vita," akawaambia watu wake.

Jeshi la Keleri likapita njia ya chini kama mafuriko. Walinzi wa Ngowira walitawanyika mbele yake, na habari ikawatangulia. Ngowira alilipanga jeshi lake kwenye chanzo cha mfongo, akijua kwamba mwenye maji ndiye mwenye nchi. Siku hiyo ukungu uliondoka mapema, na majeshi mawili yakatazamana ng'ambo ya korongo. Tarimari alikuwa katika machela mbele ya watu wake, Kowiri ameshika upande mmoja.

Moruo alikuwa hana mkuki. Aliporudi kutoka mlimani alimweleza mangi wake kila jambo, akamwomba afungue maji, na Ngowira akamvunjia mkuki wake mbele ya askari, akamtukana kuwa ni mwanamke. Sasa Moruo alitoka katika mstari, akasimama katikati ya korongo, akaweka ngao yake chini.

"Watu wa Kilasara!" akanena. "Ngao kama hii iliwachimba ndugu zenu kutoka kaburini. Mimi siinui mkono juu ya watu hawa. Anayetaka kuinua, ainue."

Mmoja baada ya mwingine, wale waliofukuliwa theluji wakatoka, wakaweka ngao zao juu ya ngao yake. Kisha wakatoka ndugu zao. Kisha wakatoka watu wa koo zao. Ngowira alipiga kelele, akawatupa vitani askari wa nyumba yake mwenyewe, na mapigano yalikuwa makali lakini mafupi, kwa maana watu wa Mworeni nao walikuwa wamechomoza kutoka mapangoni nyuma yake, wakiwa na mikuki, mapanga na kiu. Kabla jua halijafika utosini Ngowira alikuwa anakimbilia nyika na watu wachache. Alifia ugenini, na hakuna mangi aliyeuliza alipozikwa.

Moruo ndiye aliyeshuka mferejini. Aling'oa kwa mikono yake magogo yaliyoyageuzia maji korongoni, Kowiri akamsaidia bila kuambiwa. Maji yakasita kidogo, kana kwamba yamesahau njia, kisha yakaingia. Yalikuwa maji ya theluji, baridi na meupe. Watu wakakimbia nayo sambamba kushuka mlima, watoto wakipiga makelele, wanawake wakipiga vigelegele, kutoka shamba hadi shamba, na kila yalipofika migombani watu waliingia mferejini mzima mzima na nguo zao. Mangi Kishenge alichota kwa viganja akanywa, halafu akamwagia kichwa cha bintiye, naye Nashesa akacheka kama hakuwahi kulia.

Tarimari aliishi miaka mingi, akitembea kwa fimbo, akifundisha vijana kusoma theluji kabla ya kuikanyaga. Wasimulizi wa Mworeni walihifadhi jina la Mangi Kishenge na ushindi wake. Wale wa Keleri walihifadhi idadi ya askari wao, ambayo iliongezeka kila iliposimuliwa. Kilasara ndiko kulikohifadhiwa jambo lisilo na wimbo. Katika koo za wale waliotolewa chini ya theluji, mtoto akizaliwa, wazee humhesabia mababu zake hadi wafike kwa yule aliyezikwa akafukuliwa, na hapo husita, wakataja jina moja zaidi, la mwindaji wa nchi nyingine asiye wa damu yao, kisha huendelea.